Miezi Minne na Siku Kumi

Mume wangu alifariki jioni ile ile ulipoandama mwezi wa Rajabu wa mwaka 1445, katikati ya Januari 2024, na kwa sababu hiyo hesabu ya eda yangu haikumsumbua mtu. Rajabu, Shaabani, Ramadhani na Mfungo Mosi ilikuwa miezi minne kamili, kisha zingefuata siku kumi za Mfungo Pili. Mamangu aliihesabu kwa vidole mbele ya wanawake waliojaa ndani, maiti ikiwa bado haijatoka nyumbani, nami nakumbuka kwamba kati ya maneno yote niliyoambiwa usiku ule, ni hesabu hiyo peke yake iliyoniingia akilini. Kulikuwa na mwisho. Sikujua ni mwisho wa nini, lakini ulihesabika.

Eda ya mke aliyefiwa imetajwa katika aya ya 234 ya Sura Al-Baqara: angoje miezi minne na siku kumi. Ama mjamzito, kwa aya ya 4 ya Sura At-Talaq, eda yake huisha anapojifungua. Katika muda huo mwanamke hapaki hina wala wanja, hajifukizi udi wala hajitii manukato, havai dhahabu wala nguo za kujipamba. Hulala nyumbani kwake, na hatoki ila kwa haja, tena mchana. Hapa Lamu aliye katika hali hiyo tunamwita kizuka, na juu ya yale yaliyoamrishwa watu wameongeza mengi yasiyo na asili katika dini: kwamba asijitazame kwenye kioo, kwamba asipokee simu, kwamba sauti yake isisikike na mwanamume hata akiwa ni fundi wa bomba aliyesimama nje ya mlango. Mimi niliambiwa hayo yote na watu walionipenda, na nasema waziwazi kwamba nyongeza hizo zimewatesa wanawake wengi na kuwakosesha wengine riziki, ilhali wanavyuoni wameeleza kwamba mwenye kazi inayomlisha yeye na wanawe aweza kutoka mchana kuifanya na kurudi nyumbani kulala.

Lakini eda yenyewe, ukiivua nyongeza hizo, ilinipa kitu ambacho sikupata kupewa na mtu tangu nilipoolewa, nacho ni muda ambao hakuna aliyekuwa na haki ya kunitaka nifanye jambo jingine. Nataka kueleza nilivyoutumia muda huo, na jinsi nilivyokaribia kuupoteza wote huku nikiamini kwamba naumaliza katika ibada.

Nyumba yetu iko Langoni, katika kichochoro ambacho punda wawili waliobebeshwa mawe hawawezi kupishana. Chumba nilichokalia ni cha ndani, chenye kuta nene za matumbawe na dirisha moja dogo lililo juu ya kimo cha mtu, kwa hivyo ulimwengu ulinijia kwa sauti na kwa harufu. Nilijua saa bila ya kutazama saa. Kabla ya adhana ya alfajiri alipita mzee mmoja akiburuta ndara zake kuelekea msikitini. Jua likichomoza walianza punda. Alasiri walipita watoto waliotoka chuoni wakikokota aya waliyopewa kuihifadhi. Na usiku wa kuamkia Ijumaa, upepo ukiwa mwema, nilisikia matwari ya maulidi upande wa Riyadha, msikiti ulioasisiwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akawakusanya na kuwasomesha dini watu ambao wenye mji hawakuona haja ya kuwasomesha. Mchana nilishona kofia, kazi niliyoijua tangu usichana wangu, tundu baada ya tundu, na kila nilipokosea nilifumua.

Ni lazima niseme hali niliyoingia nayo chumbani humo. Nilikuwa mtu wa kuswali, na tangu nilipobaleghe sikuwa nimeacha swala kwa makusudi. Lakini swala yangu ilikuwa kama ya abiria wa boti ya Mokowe anayetoa nauli huku mguu mmoja umekwisha kukanyaga gati. Fatiha niliisoma kwa pumzi mbili, na siku za haraka kwa pumzi moja. Nilijifunza chuoni kama tulivyojifunza wote, kwa kuimba pamoja na kwa kuogopa kiboko, nikahitimu Juzuu ya Amma nikiwa na miaka tisa, na tangu siku ile hakuna aliyewahi kunisikiliza nikisoma. Nani angemsikiliza mama wa watu anaposwali jikoni kwake?

Katika wiki ya nne alikuja kunipa mkono wa tanzia mwanamke aliyenisomesha utotoni. Amekuwa mkongwe sasa, macho yake yamefifia na huongozwa na mjukuu, lakini tuliomsomea bado twamwita Mwalimu na bado tunaketi vizuri anapoingia. Aliniambia nimsomee marehemu Fatiha. Nikasoma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Umesoma kwa haraka, mwanangu. Wenda wapi?”

Sikuwa na pa kwenda kwa zaidi ya miezi mitatu. Kuanzia kesho yake alikuja kila asubuhi jua likiwa limepanda kiasi, isipokuwa Ijumaa, na akanianzisha na Fatiha kana kwamba sijawahi kuisikia.

Herufi ya kwanza iliyonishinda ni ile “h” ya Alhamdu. Sisi wenye kusema Kiswahili tuna “h” moja, nayo hutoka bila kuulizwa, lakini katika Fatiha ziko mbili. Ile ya Alhamdu na ya Arrahmani hutoka katikati ya koo, kavu, kama pumzi ya mtu anayekipumulia kioo ili akifute. Ile ya Ihdina hutoka chini kabisa ya koo, nyepesi, kama pumzi ya aliyechoka. Nilikuwa nimezifanya moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Ikaja Iyyaka, yenye shadda, ile alama ya kukaza, juu ya herufi ya “y”, na Mwalimu akanieleza kwamba shadda hiyo ikiachwa neno hugeuka maana, kwani bila ya shadda kwa Kiarabu hutajwa mwanga wa jua, na mtu aliyekusudia kumwambia Mola wake kwamba ni Yeye pekee anayemwabudu hujikuta ametamka jambo jingine kabisa. Na mwisho likaja lile neno la kufungia sura, lenye herufi ya dhwadi inayotolewa kwa ubavu wa ulimi ukiegemea magego ya juu, ikafuatiwa na alifu inayovutwa kwa kadiri ya harakati sita. Mwalimu alizihesabu kwa kukunja vidole vyake juu ya goti langu, kimoja baada ya kingine, wala hakuanza kukunja kingine kabla ya kile cha kwanza kutulia. Mimi nilikuwa nikikatika kwenye cha nne. Tulirudia mpaka mjukuu akasinzia.

“Moya moya,” alikuwa akiniambia kwa Kiamu chetu. Siku niliyolia kwa kuona haya, mtu mzima mwenye watoto watatu kushindwa na herufi za watoto, alinikumbusha Hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha, kwamba anayeisoma Qurani kwa ufasaha yu pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma kwa taabu huku anakwamakwama ana malipo mawili. Tukakaa na sura hiyo ya aya saba kwa siku kumi na moja.

Kusoma polepole kulinitenda jambo nisilolitarajia. Mtu anapolivuta neno kwa vidole sita, hana njia ya kulikwepa. Analisikia likitoka kinywani mwake na kumrudia masikioni. Nilianza kusikia ninachokisema ndani ya swala. Nilidhani hayo ndiyo mabadiliko, na kwamba kilichobaki ni kuyaendeleza.

Ikafika arubaini. Baada ya hitima, wazee wa pande zote mbili walikaa kuitazama mirathi, nami nilikaa nyuma ya pazia na mamangu. Dini imeupanga utaratibu wake: hugharamiwa kwanza mazishi, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Ami wa marehemu aliuliza kama kuna anayemdai. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akasema kwamba miaka miwili iliyopita alimpa ndugu yake shilingi 85,000 za kununulia mashine ya boti, na kwamba hajarudishiwa. Karatasi hakuwa nayo wala shahidi. Ami akageukia upande wa pazia, akaniuliza kwa sauti ya upole, “Mwanangu, wewe wajua lolote katika hilo?”

Nikasema, “Sijui, ami.”

Nilikuwa najua. Usiku alioletewa pesa hizo mume wangu alizimwaga kitandani nami nikamsaidia kuzihesabu, noti za mia mbili, za mia na za hamsini, zikinuka mafuta ya mahamri, kwa kuwa wifi ni mpika mahamri na viazi vya karai, na fedha hizo alizidunduliza sarafu kwa noti mlangoni pake. Nilizinyoosha kwa kiganja na kuzifunga mafungu kwa mpira. Nakumbuka hata kwamba tuliosha mikono baadaye.

Sababu zangu nilikuwa nazo, na wakati ule niliziona ni nzito. Karo za watoto zilikuwa zinakuja. Boti ndiyo mali pekee aliyoacha. Na juu ya hayo, wakati wa ugonjwa wifi alikuwa amesema mbele ya wageni kwamba ndugu yake asingedhoofika namna ile lau angekuwa na mke anayemtazama. Neno hilo lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Nilipoulizwa nyuma ya pazia nilikuwa na nafasi ya kumjibu bila kumtaja, nikamjibu.

Asubuhi yake, siku ya kumi na moja ya masomo, niliisoma Fatiha tangu mwanzo hadi mwisho na Mwalimu hakunisahihisha hata herufi moja. Alifurahi, akaniombea dua ndefu. Mimi nilifurahi pia, na furaha ile ndiyo inayoniogopesha zaidi kila ninapoikumbuka, kwa maana niliitamka “Iyyaka” kwa shadda yake kamili, na ulimi uliodhulumu jana yake haukutetemeka.

Mwalimu aliponiuliza tuendelee na sura gani nilimwomba tusome ile aya iliyonikalisha ndani. Tukafungua Al-Baqara kwenye aya ya 234 na tukawa tunakwenda mistari mitatu au minne kwa siku, kwanza herufi, kisha maana. Sikutarajia jinsi aya zile zinavyopangana. Katikati ya maneno ya talaka, ya mahari na ya wafiwa, ghafla inakuja aya ya 238 inayoamrisha kuzihifadhi swala, kisha maneno yanarudi tena kwa wajane. Nilimwuliza Mwalimu kwa nini swala imewekwa pale. Alisema hana elimu ya kunijibia hilo, ila kwa umri wake ameona kwamba mtu nyumba inapomvunjikia, swala ndiyo kitu cha kwanza kuanguka mkononi.

Ramadhani ilitukuta tukiwa kwenye kurasa hizo. Nilifunga kama kila mtu, nikaswali tarawehe peke yangu chumbani nikisikia sauti za misikiti zikigongana juu ya mapaa, na katika kumi la mwisho nilikesha. Usiku wa mwezi 27 nililia sana. Nililia mpaka kanga niliyojifunika ikalowa, nikaomba msamaha kwa kila nililolikumbuka tangu utoto, na hata lile la arubaini nililitaja, kwa haraka, katikati ya mengine, kama mtu anayepitisha kitu kidogo kwenye mzigo mkubwa. Alfajiri nilihisi mwepesi. Nilijiambia kwamba nimekuwa mtu mpya.

Hapa natua kidogo, kwa sababu nimewasikia wengi wakisimulia usiku wa namna hiyo kama ndio mwisho wa safari yao, na mimi pia ningeweza kuusimulia hivyo na ningeaminiwa. Machozi yale hayakuwa ya uongo. Lakini wifi yangu alikuwa bado amesimama jua kali mbele ya karai la mafuta, akisema kwa watu kwamba alimpa ndugu yake pesa na kuonekana mzushi. Wepesi niliouhisi ulikuwa wangu peke yangu. Kwake hakukuwa na kilichobadilika.

Idd ilipita. Watoto walivaa nguo mpya walizonunuliwa na shemeji, wakaja kunionyesha mikono yenye hina, nami nikakaa na nguo yangu ya kaniki, bila udi, bila asumini kichwani. Harufu ya udi ya jirani ilishuka dirishani siku nzima. Siku tano baadaye tukarejea kwenye masomo, na tukaifikia aya ya 282.

Ni aya ndefu kuliko zote katika Qurani, huchukua ukurasa mzima, na yote inazungumzia deni: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Ilituchukua siku nne. Nilisoma herufi zake nikiwa nimekaa juu ya mkeka, kando ya kitanda kile kile ambacho juu yake zilihesabiwa zile pesa ambazo hakuna aliyeziandika. Mwalimu hakujua chochote. Alikuwa akisahihisha ghunna, ile sauti ya puani, na mada, yaani kuvuta herufi. Siku ya tano tukaingia aya inayofuata, ya 283, na humo mna maneno yanayokataza kuuficha ushahidi, kwamba mwenye kuuficha moyo wake unatenda dhambi. Haikusemwa ulimi wake. Umesemwa moyo.

Niliposoma mara ya kwanza nilikosea mwisho wa neno, Mwalimu akanirudisha. Nikasoma tena, akanirudisha tena. Mara ya tatu sauti ilikatika. Alingoja, kisha akaniuliza kwa utulivu kama ninaumwa, nami nikamwambia yote.

Hakunikaripia, wala hakunipoza. Alinikumbusha masharti ya toba kama alivyotukaririsha tukiwa watoto: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na ikiwa kosa linahusu haki ya mtu, kuna sharti la nne, ambalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake. Alinikumbusha pia kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. “Wewe wamsomea mumeo kila siku,” aliniambia. “Na deni lake walikalia.” Kisha akaufunga msahafu na kusema hatutasoma kesho.

Huo ndio usiku mzito kuliko usiku wote wa eda yangu, na sikulia hata kidogo. Nilifikiria ami atakavyonitazama. Nilifikiria mtaa. Nilijaribu kutafuta njia ya kulipa bila kusema, nikauze bangili zangu na kumtumia wifi pesa kama zawadi, na kila njia niliyoipata ilikuwa ni ya kumlipa deni na kumwacha mwongo. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya miezi ile. Mazoea ya kurudishwa kila asubuhi, kuambiwa hapa umekosea, rudi nyuma, sema tena, yalikuwa yamenitoa ile aibu ya kuonekana nimekosea. Mtu aliyerudishwa mara mia kwa herufi moja mbele ya mjukuu wa watu anaweza kurudishwa mara moja kwa neno moja mbele ya wazee.

Nilimtuma mwanangu akamwite wifi. Alikuja baada ya alasiri na hakukaa. Alisimama mlangoni na buibui lake, mikono ikiwa bado na unga kwenye kucha. Maneno niliyoyapanga yote yalinipotea. Nikasema, “Wifi, zile pesa nazijua. Nilikuwapo zikihesabiwa.”

Akaketi. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini, nikamwambia ni kwa sababu ya neno lake la wakati wa ugonjwa. Alisema neno lile alilisema kwa uchungu, na kwamba nusu yake bado analiamini. Lilinichoma, lakini nilimshukuru kimoyomoyo kwa kunijibu kweli siku ambayo nami nilikuwa nimemwita kumwambia kweli. Kisha akauliza kama nitawaambia wazee.

“Nitawaambia.”

“Lini?”

Walikuja kesho yake baada ya magharibi. Nilisema nyuma ya pazia lile lile, kwa sauti ambayo nilihakikisha inafika mpaka dakani. Ami alisema tu, “Mwenyezi Mungu akuthibitishe,” na akamgeukia wifi akamwomba radhi kwa niaba ya wote. Hesabu ilifunguliwa upya. Ilikubaliwa kwamba boti iendelee kufanya kazi chini ya shemeji, na kabla ya mtu yeyote kupokea sehemu yake, shilingi 5,000 zitoke kila mwezi kumlipa wifi mpaka deni liishe, miezi kumi na saba. Shemeji hakupendezwa. Mtaani palisemwa mengi kunihusu, mengine yakanifikia ndani, na nilipokutana na baadhi ya wasemaji baadaye sikuwa na la kukanusha.

Jioni ya tarehe kumi ya Mfungo Pili nilitoka eda. Kaskazi ilikuwa imekwisha kupisha kusi, mvua za masika zilikuwa zimeosha mapaa, na mamangu alinikogesha kwa maji aliyotia asumini tangu mchana. Niliposhika chetezo na moshi wa udi ukaingia ndani ya nguo nilikaa chini, kwa kuwa miguu ilininyima nguvu. Asubuhi nilikwenda kwanza ufuoni kuitazama bahari, iliyokuwa chafu kwa maji ya mvua na nzuri mno, na kutoka hapo nikapita kwa wifi. Mwisho wa mwezi huo wa Mei nilimpelekea fungu la kwanza, pamoja na daftari nililolinunua kwa kazi hiyo moja.

Masomo hayakukatika. Mwalimu hakubali nisome zaidi ya mistari minne, na nilipolalamika kwamba kwa mwendo huo nitazeeka kabla ya kuhitimu aliniuliza ni nani aliyenikimbiza. Mtume (S.A.W.) amesema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa chache, na mimi nimeishi muda mrefu nikipenda nyingi zisizodumu: Ramadhani ya moto na Mfungo Mosi wa baridi. Sasa nina mistari yangu minne baada ya alfajiri, na baada ya magharibi nasoma ratibu, yaani dhikri zilizopangwa, ya Imam Abdallah bin Alawi Al-Haddad, yule mwanachuoni wa Tarim aliyepofuka tangu utotoni, aliyeitunga mwaka 1071 wa Hijria na ikavuka bahari kutoka Hadhramaut mpaka kwenye mikeka yetu. Haichukui muda zaidi ya ule wa kupalia wali. Hasira zangu bado ninazo; mwezi jana nimemfokea binti yangu kwa kikombe. Lakini nilimrudia kabla ya kulala, jambo ambalo zamani lingenichukua wiki au lisingetokea kabisa.

Tulipokuwa kwenye fungu la tano la deni, masomo yalikuwa yamefika Sura An-Nisaa, kwenye aya mbili za mirathi, ya 11 na ya 12, na humo nikaiona thumni yangu, ile moja ya nane ya mjane aliyeachiwa watoto. Nikaona pia kwamba katika aya hizo mbili maneno ya “baada ya wasia au deni” yamerudiwa mara nne. Mwalimu aliniachia niyasome yote manne bila kuingilia, na nilipomaliza la mwisho alikuwa anakunja vidole kwenye goti langu, ingawa hapakuwa na mada ya kuhesabu.

Fungu la kumi na saba nilimpelekea wifi mwisho wa Septemba mwaka 2025, jioni, karai likiwa limeshateremshwa na mafuta yanapoa. Alizihesabu noti mara mbili, kwa kuwa ni mtu wa biashara, akazifunga kwenye pindo la kanga. Nikalifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho nikampa kalamu. Herufi za skuli hakufundishwa. Aliandika jina lake kwa zile za chuoni, kutoka kulia, taratibu, akaweka nukta zote mahali pake, akapuliza wino ukauke. Kisha akanisogezea kibao nikae na akamwita mwanawe alete chai.